Kutoka "Shuka" hadi "Shika": Funzo la Jumba la Makumbusho Linalopandwa na Watoto

Hii ni nakala ya mazungumzo yaliyoandaliwa kwa wazazi, walimu wa chekechea, mafundi wa jua kali na wazee wa mitaa. Inachapishwa hapa kwa manufaa ya wakazi ambao hawakupata nafasi ya kuhudhuria.



Kuna neno moja ambalo karibu kila mtoto hulisikia mara nyingi kabla hajatimiza miaka mitano. Neno hilo ni "Shuka!" Mtoto yuko juu ya kabati: shuka. Yuko juu ya ukuta wa jirani: shuka. Yuko kwenye mwembe, mguu mmoja uko hewani unatafuta tawi: shuka, utaanguka! Mzazi anayesema hivyo hana ubaya wowote. Anajua hospitali iko mbali, anajua gharama ya kufungwa mfupa uliovunjika, na anajua kwamba mtoto akiumia yeye ndiye atakayeulizwa alikuwa wapi.

Mazungumzo haya yanahusu mahali ambapo neno hilo halina kazi kubwa. Ni jumba la makumbusho liitwalo City Museum, lililoko mji wa St. Louis, jimbo la Missouri, nchini Marekani. Limejaa vitu vya kupanda, kutambaa ndani yake, kupenya na kuteleza. Nia si kulipigia debe kwa watalii, kwa maana wengi waliopo hapa huenda wasifike St. Louis maishani. Nia ni kutazama jinsi watu wa mji mmoja walivyotumia vitu vilivyokuwa vimetupwa, na jinsi walivyowaamini watoto, kisha kuuliza ni kipi kati ya hayo kinachoweza kufanyika hapa, katika wadi, kwa mikono ya mafundi wa hapa.

Kiwanda cha viatu kilichobaki kitupu

Mji wa St. Louis uko kando ya mto Mississippi. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 ulikuwa miongoni mwa miji mikubwa ya kutengeneza viatu nchini Marekani, na kampuni ya International Shoe ilikuwa na jengo kubwa la ghorofa 10 katikati ya mji, likitumika kama kiwanda na bohari. Kisha mambo yakageuka. Viwanda vilipungua na watu wakahamia vitongojini. Mwaka 1950 mji huo ulikuwa na wakazi zaidi ya 850,000. Kufikia mwaka 1990 walikuwa chini ya 400,000. Majengo mengi ya katikati ya mji yalibaki matupu, na hilo la viatu likawa mojawapo.

Mwaka 1993 jengo hilo, ambalo wakati huo karibu lote lilikuwa tupu, lilinunuliwa na mchongaji wa sanamu aitwaye Bob Cassilly na mkewe wa wakati huo, Gail. Cassilly alijulikana kwa sanamu za wanyama. Ndiye aliyetengeneza viboko walioko katika uwanja wa watoto wa Riverside Park jijini New York, na kasa wakubwa wa saruji walioko St. Louis kwenyewe. Sanamu hizo zilikuwa na jambo moja la pamoja: watoto walizipanda, naye hakuwakataza. Alizitengeneza kwa ajili hiyo.

Ujenzi ulianza mwaka 1995, na tarehe 25 Oktoba 1997 milango ikafunguliwa kwa umma. Katika miaka miwili tu jumba lilikuwa likipokea wageni 300,000 kwa mwaka. Mahali palipokuwa patupu pakawa sababu ya watu kurudi katikati ya mji.

Ndani ya jumba

Mgeni akifika hulipa kiingilio na kufungwa ukanda mkononi. Hapewi ramani. Hakuna mishale ukutani ya kumwonyesha aanzie wapi na amalizie wapi. Wazazi waliokwisha kufika mara moja hurudi wamevaa suruali ndefu na viatu vya kufunga kamba, na wengine huvaa vya kukinga magoti, kwa sababu sehemu kubwa ya siku itapita kwa kutambaa. Wapo wanaoandika namba ya simu kwenye ukanda wa mtoto, kwa kuwa wanajua watapoteana naye angalau mara moja.

Katika ghorofa ya chini, sakafu imepambwa kwa vipande vya vigae vilivyopangwa kwa mkono. Kuna sanamu ya nyangumi yenye ukubwa wa nyangumi wa kweli, na mtu anaweza kupita ndani yake. Mgeni akisimama hapo husikia vicheko juu ya kichwa chake. Akiinua macho anaona soli za viatu: watoto wanatambaa katika vichochoro vya chuma vilivyoning'inizwa darini. Baadaye husikia vicheko vingine chini ya miguu, kwa maana njia nyingine zinapita chini ya sakafu. Tundu lililoko ukutani, ambalo mtu angedhani ni la kupitishia bomba, kumbe ni mlango.

Mbele zaidi kuna mapango yaliyofinyangwa kwa mkono, yenye vichwa vya mazimwi na njia nyembamba zinazopanda na kushuka. Mapango hayo yanafungukia kwenye shimo refu linalopanda hadi juu ya jengo. Zamani za kiwanda, viatu viliteremshwa kutoka ghorofa moja hadi nyingine kupitia mitelezo ya chuma iliyojizungusha kama konokono. Badala ya kuing'oa mitelezo hiyo na kuiuza kwa kilo, Cassilly aliiacha mahali pake, na sasa kinachoteremka ni watoto. Mtelezo mrefu kuliko yote hushuka ghorofa 10. Anayetaka kuuteleza kwa haki hupanda ngazi kwanza, moja baada ya nyingine, na hufika juu akihema. Humo humo mna kinanda kikubwa cha mabomba kilichotengenezwa mwaka 1924 na ambacho zamani kilipigwa katika jumba la sinema la Rivoli, New York. Kikipigwa, sauti yake huzagaa mapangoni.

Nje ya jengo, upande wa mbele, kuna sehemu iliyoongezwa mwaka 2002. Hapo ndipo wazazi wengi hushika vifua. Mabodi ya ndege mbili za kweli yameinuliwa juu hewani, na kuunganishwa na mnara wa mawe, gari la zimamoto na vichochoro vya chuma vilivyosokotwa kama koili kubwa za kitanda. Mtoto hutambaa ndani ya koili hizo, barabara akiiona chini yake kupitia nafasi za chuma, hadi anaingia ndani ya ndege. Chini kabisa kuna mabwawa mawili yaliyojaa mipira, moja la watoto wadogo na jingine la kila mtu. Katika hilo la pili ni kawaida kumwona baba mwenye kitambi akizama hadi shingoni huku wanawe wakimrushia mipira.

Juu ya paa kuna gurudumu kubwa la kuzungushia watu hewani, na kuna basi la shule. Nusu ya basi hilo iko juu ya paa na nusu nyingine imechomoza nje ya ukingo wa jengo, chini yake hakuna kitu ila hewa na barabara ya mji. Watoto huingia, wakasogea hadi kwenye kiti cha dereva, na kutazama chini kupitia kioo. Basi halitikisiki. Limefungwa kwa chuma cha kutosha. Lakini moyo haujui hesabu za fundi, na kila anayefika mbele hushika kiti kwa nguvu.

Si vyote vya kutisha. Katika ghorofa ya tatu kuna sehemu iliyotengwa kwa watoto wa miaka 6 kwenda chini, ambapo vimo ni vifupi na mzazi anaweza kuona kila kona. Kumewahi kuwa na kituo cha sarakasi ambapo watoto walijifunza na kuonyesha michezo yao. Kuna mashine za zamani ambazo mpaka leo husuka kamba za viatu, na mgeni huweza kununua jozi ya rangi anazotaka. Jengo bado linakumbuka kazi yake ya kwanza.

Mtu anaweza kuuliza: hayo ni makumbusho au uwanja wa michezo? Jibu liko kwenye vitu vyenyewe. Kuna milango mizito ya hazina za benki. Kuna mapambo ya majumba yaliyobomolewa, vipande vya madaraja, mabomba ya moshi na sehemu za mitambo ya ujenzi. Vingi vya vitu hivyo vilitoka katika mji huo huo wa St. Louis. Cassilly na kikosi chake cha mafundi wapatao 20 walivikusanya, wakavichomelea, wakavifunga kwa saruji na kuvipa kazi mpya. Katika makumbusho mengi tangazo la kwanza huwa "Usiguse". Hapa historia ya mji hushikwa kwa viganja na kukaliwa kwa makalio. Mtoto anayepanda bomba la moshi la kiwanda kilichofungwa huenda asijue tarehe wala jina la mwenye kiwanda, lakini ameshagusa kitu ambacho babu yake alikipita kila asubuhi akienda kazini.

Wembe na guu

Sasa tufike kwenye jambo ambalo kila mzazi hapa amekuwa akilisubiri. Je, watoto hawaumii?

Wanaumia. Haifai kuficha. Mabango ya jumba lenyewe huwaonya wageni. Magoti huchubuka na vichwa hugonga chuma. Wapo walioumia vibaya zaidi, na baadhi ya kesi zimefika mahakamani. Cassilly mwenyewe alifariki Septemba 2011, akiwa na umri wa miaka 61. Alikutwa ndani ya tingatinga mahali alipokuwa akigeuza kiwanda cha saruji kilichoachwa kuwa bustani nyingine ya maajabu. Kazi hiyo ya pili aliiacha kabla ya kuikamilisha. Anayeisifu kazi ya mtu huyu bila kutaja hatari zake anawahadaa wasikilizaji.

Wahenga walijua mabishano haya. Upande mmoja walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Upande wa pili walisema, mtoto akililia wembe mpe. Methali hizi mbili huonekana kama zinapingana, na mzazi mwoga huishika ya kwanza, naye mzazi aliyechoka huishika ya pili. Lakini zikisomwa pamoja zinasema jambo moja. La mkuu linafaa kusikilizwa, na ili lisikilizwe ni lazima liwe na maana. Mkuu anayesema "shuka" kwa kabati, kwa ukuta, kwa mti na kwa kila kitu, hufika siku neno lake likawa kama kelele za redio ya jirani. Mtoto haachi kupanda. Anakwenda kupanda pale ambapo hakuna mkuu wa kumwona.

Na pale ni wapi? Kila mkazi anaweza kujibu kwa kutazama mtaa wake. Ni kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa na kujaa maji. Ni kwenye nyumba isiyokamilika, ambako nondo zimechomoza. Ni nyuma ya lori linalopunguza mwendo mlimani. Hicho ndicho kitu kinachogombaniwa katika mazungumzo ya leo. Hakuna mtu hapa aliyewahi kumpa mtoto nafasi ya kuchagua kati ya kupanda na kutopanda. Anachochagua mtoto ni mahali pa kupandia tu, na asipotengewa mahali atajitafutia.

Mtafiti wa Norway, Ellen Sandseter, aliyechunguza michezo ya watoto wa chekechea, alieleza mwaka 2007 aina 6 za michezo yenye hatari ambayo watoto huitafuta: kwenda juu, kwenda kasi, kutumia vifaa vikali, kukaribia vitu kama maji yenye kina au moto, kupigana mieleka ya mzaha, na kujificha au kupotea mbali na macho ya wakubwa. Mkazi yeyote aliyekulia shambani anaitambua orodha hiyo bila kusoma kitabu. Ni orodha ya utoto wake mwenyewe. Jumba la St. Louis limechukua tatu kati ya hizo, yaani kimo, kasi na kupotea, likazizungushia chuma imara ili zibaki na msisimko wake lakini zipungukiwe na uwezo wa kuua.

Hapo ndipo penye tofauti kati ya hatari na mtego. Basi lililochomoza paani ni la kuogofya, na mtoto anajua kwamba linaogofya. Hupima nafsi yake: nitaingia, au nitarudi? Wengine hurudi, na ni vyema. Lakini nondo iliyofichwa na majani haimpi mtoto nafasi ya kupima chochote. Ni mtego. Kazi ya mtu mzima ni kuondoa mitego yote na kuacha hatari kidogo ambayo mtoto anaweza kuiona kwa macho yake na kuipima kwa akili yake.

Kinachohusu kaunti

Kuna wanaoweza kusema kwamba haya ni mambo ya mataifa tajiri. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 haisemi hivyo. Jedwali la Nne, linalogawa kazi kati ya serikali ya kitaifa na zile za kaunti, limezipa kaunti maktaba, makumbusho, vifaa vya michezo na utamaduni, pamoja na bustani na sehemu za burudani. Jedwali hilo hilo limezipa kaunti elimu ya chekechea na vituo vya kulelea watoto. Mahali pa mtoto pa kucheza na mahali pa mtoto pa kusoma viko chini ya paa moja la utawala. Aidha, Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1990, unatambua katika Kifungu cha 31 haki ya mtoto kupumzika na kucheza. Kwa hiyo mwananchi anayeuliza kuhusu uwanja wa watoto haombi hisani.

Kuhusu vifaa, ni nani anayeweza kusema kwamba nchi hii haina watu wa kugeuza taka kuwa kitu cha maana? Mwaka 2018, huko Lamu, mafundi walizindua jahazi liitwalo Flipflopi, lililoundwa kwa takriban tani 10 za taka za plastiki na kufunikwa kwa malapa yapatayo 30,000 yaliyookotwa. Mwaka uliofuata jahazi hilo lilisafiri kutoka Lamu hadi Zanzibar. Waliolijenga walitumia ujuzi ule ule wa kuunda mashua za mbao waliorithi kwa wazee wao. Katika karakana za jua kali za kaunti yoyote wapo watu wanaogeuza pipa kuwa jiko, tairi kuwa akala na chuma cha gari kuwa lango. Kilichofanywa St. Louis ni kazi ya mafundi wa aina hiyo waliopewa nafasi, muda na mchoraji mwenye ndoto.

Mambo ya kuangalia kabla ya kuchomelea

Shule ya chekechea, kanisa, msikiti au kikundi cha wazazi kinachotaka kuanza kidogo hakihitaji ndege. Matairi makuukuu, magogo, kamba nene na mabomba ya chuma vinatosha. Lakini yapo mambo ambayo hayafai kubahatishwa.

La kwanza ni ardhi chini ya kitu cha kupanda. Saruji na udongo mkavu uliokanyagwa havina huruma. Miongozo ya usalama wa viwanja vya watoto inayotumika Marekani hutaka mchanga wa kina cha angalau sentimita 23 pale ambapo mtoto anaweza kuanguka kutoka kimo cha hadi mita 1.2. Mchanga husambaa na kushindiliwa, hivyo mtu apewe kazi ya kuurudisha na kuuchimbua kila wiki, na kuokota vigae na miiba.

La pili ni nafasi ya pembeni. Kuzunguka kifaa kuwe na angalau mita 1.8 zisizo na jiwe, kisiki, ukuta wala kifaa kingine. Bembea zinahitaji zaidi ya hapo, mbele na nyuma, na zisiwekwe kwenye njia ambayo watoto hukimbilia.

La tatu ni matundu. Tundu lenye upana wa kati ya sentimita 9 na 23 linaweza kupitisha mwili wa mtoto mdogo na kukinasa kichwa chake. Fundi apime kila pengo la ngazi na la ua. Pengo ama liwe dogo mwili usipite, ama liwe kubwa kichwa kipite.

La nne ni chanzo cha vifaa. Pipa lililobeba dawa za mashambani, kemikali au mafuta halifai kwa watoto hata likioshwa mara kumi. Mabati na vigae vya zamani vya asbesto visiguswe. Vyuma vipigwe tupa, ncha za bolti zifunikwe, na kutu ikwanguliwe kabla ya kupaka rangi. Matairi yatobolewe chini ili maji ya mvua yasituame na kuzalisha mbu. Mtelezo wa chuma uwekwe kivulini, kwa maana jua la saa saba huweza kuubabua mwili wa mtoto.

La tano ni mavazi. Kamba za shingoni, skafu na lesi ndefu vinaweza kunasa kwenye mtelezo. Mwalimu awe na mazoea ya kuvivua kabla ya watoto kupanda.

La sita ni mtoto mwenye ulemavu. Hapa jumba la St. Louis si mfano bora, kwa kuwa njia zake nyingi ni za kutambaa na kupanda, na anayetumia kiti cha magurudumu hukosa mengi. Anayeanza upya leo ana bahati ya kupanga mapema: njia pana isiyo na ngazi, meza ya mchanga ya kimo cha kiti, bembea yenye mgongo, na vitu vya kupiga vitoe sauti kwa mtoto asiyeona.

La saba ni jicho la mtu mzima. Uwanja bora kuliko wote hauwezi kuchukua nafasi ya mtu anayetazama. Kutazama ni kuwa karibu, simu ikiwa mfukoni, bila kupiga kelele kila nukta.

Sauti ya mwananchi

Mkazi anayetaka uwanja wa aina hii katika wadi yake asisubiri kampeni. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma inataka kila kaunti iwasilishe mpango wake wa maendeleo wa mwaka kwa bunge la kaunti kabla ya kupita tarehe 1 Septemba. Kabla ya hapo, wananchi huitwa kutoa maoni katika vikao vya ushirikishaji wa umma. Vikao hivyo husikia mengi kuhusu barabara, maji na zahanati, na ni haki yake. Ni mara chache mtu husimama kutetea watoto wa miaka minne, kwa sababu wenyewe hawafiki kwenye kikao na hawapigi kura.

Anayesimama aende na maelezo kamili: kiwanja kiko wapi na ni mali ya nani, watoto wangapi wa chekechea wanaishi karibu, mafundi gani wa eneo hilo wako tayari, na ni nani atakayekitunza baada ya mradi kuzinduliwa. Swali hilo la mwisho ndilo linalopuuzwa zaidi. Bembea iliyokatika mnyororo ikabaki ikining'inia kwa miezi ni mtego, na iliwekwa na watu wazima. Kamati ndogo ya wazazi watatu na fundi mmoja, inayopita kila Ijumaa na spana na mafuta ya kulainisha, ina faida kuliko utepe wa uzinduzi.

Hitimisho

St. Louis ilipoteza viwanda, ikapoteza watu, ikabaki na majengo matupu na marundo ya vyuma. Ingeweza kuviuza vyote kama skrepa. Mtu mmoja na mafundi wake wakavitazama kwa jicho la mtoto na kuuliza: hiki kinaweza kupandwa? Swali hilo halina bei, na linaweza kuulizwa katika kaunti yoyote, mbele ya rundo lolote la matairi.

Leo jioni, huenda mzazi mmoja kati ya waliopo hapa atafika nyumbani na kumkuta mwanawe juu ya mti. Mdomo utafunguka wenyewe kusema neno lile la zamani. Ikiwa tawi limeoza au waya wa umeme uko karibu, alitamke kwa sauti kubwa, kwa kuwa siku hiyo lina maana. Lakini ikiwa mti ni imara na kimo ni cha kadiri, abadilishe herufi moja tu. Badala ya "Shuka!" aseme "Shika!" Shika kwa mikono miwili. Tazama mguu unaofuata utauweka wapi. Tawi hilo ni bichi au kavu? Kisha asogee karibu, asimame chini ya mti, na asubiri.